Konventi Iliyogeuka Kelasi: Habari ya Wakapusini wa Chaussée-d'Antin

Mara nyingi tunasikia watu waliotoka Ulaya wakisimulia kwa huzuni kwamba konventi fulani imekuwa hoteli, kanisa fulani limekuwa ghala ya vitabu, seminari fulani imeuzwa. Wasikiaji wanatikisa kichwa na kusema: imani imekwisha kule. Kisha mazungumzo yanahamia kwa jambo lingine. Sisi hatupendi hukumu ya haraka namna hiyo. Nyumba ya watawa ikibadili kazi yake, yafaa tuulize kwanza: nani aliijenga, kwa nia gani, nani aliitwaa, na leo inamtumikia nani? Bila maulizo hayo tutalia mahali pasipo na msiba, na tutacheka mahali pa kulia.

Kwa hiyo tumechagua nyumba moja inayojulikana vizuri, tuichunguze kama vile mwalimu anavyochunguza kazi ya mwanafunzi, tuseme lililo jema na lililo baya. Nayo ni konventi ya zamani ya Wakapusini katika mtaa wa Chaussée-d'Antin, mjini Paris. Leo sehemu yake kubwa ni shule ya Serkali iitwayo lycée Condorcet, na kanisa lake ni parokia ya Saint-Louis-d'Antin.

Tuanze na wenye nyumba. Ndugu Wadogo Wakapusini walizaliwa Italia mwaka wa 1525, wakati ndugu Matteo da Bascio alipotaka kushika kanuni ya Mtakatifu Fransisko bila kuilegeza. Papa Klementi VII aliwakubali mwaka wa 1528. Mwaka uliofuata walikutana Albacina wakaandika sheria zao za kwanza, na sheria hizo ziliwataka wajenge nyumba ndogo za kimaskini, za fito na udongo palipowezekana. Msomaji wa kwetu atatabasamu, kwa maana nyumba ya fito na udongo anaijua tangu tumbo la mama yake. Lakini asipite haraka. Watu hao walielewa kwamba ukuta unafundisha kuliko mahubiri. Padri anayehubiri umaskini akiwa ndani ya jumba, jumba lenyewe linamkana.

Wakapusini waliingia Paris katika karne ya 16. Walikuwa na nyumba kubwa katika njia ya Saint-Honoré, na baadaye nyingine katika kitongoji cha Saint-Jacques, upande wa kusini wa mto Seine. Katika karne ya 18 mji ulipanuka kuelekea kaskazini. Matajiri walijijengea majumba katika mtaa wa Chaussée-d'Antin, lakini mtaa huo ulikosa kanisa la kutosha. Mwaka wa 1779 utawala wa mfalme Louis XVI ukaamua kuwahamisha ndugu wa Saint-Jacques na kuwajengea konventi mpya huko. Kazi akapewa fundi Alexandre-Théodore Brongniart, aliyezaliwa mwaka wa 1739. Ilipofika mwaka wa 1783 ndugu walikuwa wamekwisha kuhamia.

Hapa tunakuta jambo la kwanza la kuwaza. Konventi hiyo haikuanzishwa na ndugu waliotafuta jangwa. Ilianzishwa na watawala waliotaka kupanga mji wao vizuri, kwa faida ya mtaa wa watu wenye mali. Hatusemi ni kosa. Watu wenye mali nao wana roho, nao wanahitaji Misa na kitubio. Lakini nyumba iliyojengwa kwa amri ya mfalme inaweza kufungwa kwa amri ya yule atakayemfuata mfalme. Mkono unaotoa ndio unaojua mlango uko wapi.

Sasa tutazame jengo lenyewe. Brongniart alikuwa fundi wa majumba ya wakubwa. Ni yeye aliyechora makaburi makubwa ya Père-Lachaise, na ni yeye aliyeanza mwaka wa 1808 kujenga nyumba ya soko la hisa ya Paris, ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake. Basi mkono ule ule ulijengea maskini wa Kristu, ukajengea wafu, ukajengea wafanya biashara ya fedha. Angeweza kuwapa Wakapusini jumba la fahari. Hakufanya hivyo. Upande wa njia ya Caumartin aliweka ukuta mrefu mtulivu, na kila mwisho nyumba ndogo inayosogea mbele kidogo. Ndani aliweka uwanja wa miraba minne wenye nguzo pande zote, ndugu wapate kutembea wakisali. Nguzo ni za mtindo wa Kidori, ule ulio mzito na mnyofu kuliko yote ya Wagriki wa kale. Kanisa alilipa ubavu mmoja tu, upande wa kushoto. Upande wa kuume haukupewa kitu. Mtu aliyezoea makanisa yenye mbavu mbili anaona kama kazi haikuisha, lakini hiyo ni desturi ya kimaskini ya ndugu wa Fransisko.

Tunaisifu kazi hiyo. Fundi alitii roho ya wenye nyumba kuliko kiburi cha ufundi wake. Hata hivi, tusema kweli: nguzo za Kigriki zilizochongwa kwa mawe si fito na udongo. Kati ya Albacina na Chaussée-d'Antin ilipita miaka 250, na umaskini ulikuwa umegeuka kuwa mtindo wa kujenga. Umaskini wa ndugu wa kwanza uliwagharimu wenyewe usingizi na joto. Umaskini wa ukuta wa Brongniart ulimgharimu mfalme fedha.

Ndugu hawakukaa sana. Tarehe 2 Novemba 1789 wajumbe wa taifa waliweka mali yote ya Eklezya mikononi mwa taifa. Tarehe 13 Februari 1790 walifuta nadiri za watawa. Nyumba iliyojengwa kudumu karne nyingi ilikuwa konventi kwa muda wa miaka saba hivi. Seminari zetu zinachukua miaka kama hiyo kumtayarisha padri mmoja.

Je, nyumba za Wakapusini zilipatwa na nini baadaye? Tuzitaje, kwa sababu tukizipima moja kwa nyingine ndipo tutakapojua namna ya kuhukumu.

Nyumba ya njia ya Saint-Honoré ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19. Jirani yake ilikuwa konventi ya masista Wakapusini, karibu na uwanja wa Vendôme. Hiyo ilipatwa na jambo la ajabu. Mtu mmoja wa Liège, Étienne-Gaspard Robert, aliyejiita Robertson, aliingia humo mwaka wa 1799 akafanya maonyesho ya mizimu. Kwa taa na vioo na moshi aliwaonyesha watu wa Paris sura za wafu zikitokea gizani, nao walilipa fedha ili watetemeke. Alichagua konventi iliyoachwa kwa sababu kuta zake zilisaidia woga. Mwaka wa 1806 konventi hiyo nayo ikabomolewa, ikapitishwa njia mpya, ndiyo rue de la Paix ya leo, njia ya maduka ya johari.

Nyumba ya zamani ya Saint-Jacques, ile ambayo ndugu waliiacha walipohamia Chaussée-d'Antin, ilifanywa hospitali mwaka wa 1792. Iliwapokea wagonjwa wa magonjwa ya zinaa, wanaume na wanawake, watu ambao hospitali nyingine ziliona haya kuwapokea. Huko mganga Philippe Ricord alifanya kazi tangu mwaka wa 1831, na mwaka wa 1838 alionyesha wazi kwamba kaswende na kisonono ni magonjwa mawili tofauti. Leo mahali pale ni sehemu ya hospitali kubwa ya Cochin.

Na nyumba ya tatu, ile ya Brongniart, ikawa shule. Sheria ya mwaka wa 1802 iliamuru kuanzisha shule kubwa za Serkali, na mwaka wa 1804 wanafunzi waliingia katika uwanja wa nguzo. Shule hiyo haikuwa na bweni. Ndani ya nyumba iliyojengwa kwa watu wa kulala, kuamka usiku na kusali, hakulala mtu tena. Asubuhi watoto wanaingia, jioni wanatoka. Baadaye majengo mengine yaliongezwa upande wa njia ya Havre. Mshairi Mallarmé alifundisha Kiingereza humo, na kati ya wanafunzi wake wa zamani shule inawataja Henri Bergson na Marcel Proust.

Jina la shule lilibadilika kila mara Serkali ilipobadilika. Iliitwa Bonaparte. Wafalme waliporudi ikaitwa Bourbon. Mwaka wa 1848 ikaitwa tena Bonaparte. Mwaka wa 1870 ikaitwa Condorcet, mwaka wa 1874 Fontanes, na mwaka wa 1883 ikarudia Condorcet hata leo. Sisi wa Kongo hatuwezi kuwacheka Wafransa kwa jambo hilo. Élisabethville imekuwa Lubumbashi, Albertville imekuwa Kalemie, Baudouinville imekuwa Moba, na inchi yenyewe imebadilishwa jina kisha ikarudishiwa lile la zamani. Tunajua vizuri kwamba jina lililo juu ya mlango linasema zaidi juu ya mtawala kuliko juu ya nyumba.

Lakini jina hili la mwisho latudai tusimame kidogo. Condorcet, aliyezaliwa mwaka wa 1743 na kufa kifungoni mwaka wa 1794, alilelewa na Wayezuiti wa Reims, lakini hakuwapenda mapadri wala mafundisho yao. Kuweka jina lake juu ya ukuta wa konventi ni kama kumpa mkwe aliyekutukana kiti cha mzee wako. Hata hivi sisi Waafrika tuna deni kwake, kwa maana mwaka wa 1781, wakati ule ule konventi ilipokuwa ikijengwa, alitoa kitabu cha kupinga utumwa wa watu weusi. Mpagani wa roho alisema neno la haki, wakati wabatizwa wengi walipokuwa wakihesabu faida ya sukari.

Basi, je, wanafunzi wanaosoma chini ya nguzo zile wanajua kwamba Wakapusini walisema neno hilo miaka mia moja kabla yake? Mwaka wa 1681 na 1682, katika kisiwa cha Kuba, Wakapusini wawili, Francisco José de Jaca Mhispania na Épiphane de Moirans Mfransa, walihubiri kwamba Waafrika wamefanywa watumwa bila haki yoyote, kwamba bwana zao wanapaswa kuwaachilia na kuwalipa mshahara wa kazi yao. Waliwanyima maondoleo bwana waliokataa. Walikamatwa, wakatengwa, wakapelekwa Ulaya kama wafungwa. Kila mmoja aliandika kitabu cha kutetea uhuru wa watumwa. Tarehe 20 Machi 1686 Ofisi Takatifu ya Roma ilitoa jibu lililokataza namna ile ya kuwakamata na kuwauza watu weusi, ingawa wafanya biashara hawakulisikiliza.

Tusifiche na upande mwingine. Wakapusini waliofika katika ufalme wa Kongo mwaka wa 1645 walibatiza watu wengi sana, wakafundisha, wakaandika lugha yetu, na wengi wao walikufa kwa homa. Lakini katika nyumba zao za misioni walikuwamo watumwa walioitwa watumwa wa kanisa. Jaca na Moirans hawakuwa sauti ya wote. Walikuwa sauti ya wachache, na kwa sababu hiyo wanastahili kukumbukwa zaidi.

Hapa ndipo tunapoona kosa kubwa katika namna konventi ile ilivyotumiwa upya. Kosa si shule. Kufundisha watoto ni kazi ya huruma, na uwanja uliotengenezwa kwa kutafakari unafaa sana kwa masomo. Kosa ni kwamba nyumba ilipewa kumbukumbu mpya, na kumbukumbu ya kwanza ikafutwa. Mtoto anafundishwa kwamba uhuru wa mtu mweusi ulitetewa na mwanafalsafa. Haambiwi kwamba, kabla ya mwanafalsafa huyo kuzaliwa, Mfransa mwenye joho la rangi ya udongo, ndugu wa wale waliojengewa nguzo hizi, alitiwa kifungoni kwa neno hilo hilo. Hatuombi jina la Condorcet liondolewe. Twaomba majina mawili yawekwe pamoja, kwa sababu ukweli una nafasi ya kutosha kwa wote wawili.

Sasa twende kanisani, ambako tunafurahi kuliko pengine pote. Kanisa la konventi halikufa. Lilirudia ibada, na tangu mwanzo wa karne ya 19 ni parokia. Lina jina la Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa, msimamizi wa Watersiari wa Mtakatifu Fransisko. Mtaa wake umegeuka kabisa. Matajiri wa zamani wamehama. Kituo cha gari la moshi cha Saint-Lazare kilifunguliwa karibu yake mwaka wa 1837, na duka kubwa la Printemps mwaka wa 1865. Watu wanaopita pale ni wasafiri, wauzaji, makarani, watu wenye haraka wasiokaa mtaani. Kwa desturi ya parokia, wale wangehesabiwa kuwa watu wa mahali pengine. Lakini mapadri wa Saint-Louis-d'Antin walielewa kwamba Mungu amewapa parokia ya watu wanaopita. Ndiyo maana kanisa hilo limejulikana mjini mwote kwa Misa zake nyingi za kila siku na kwa mapadri wanaongoja watubu tangu asubuhi mpaka jioni.

Wasomaji wetu, hiyo ndiyo kazi ya Wakapusini! Kwa karne nyingi waliitwa wanapokuwapo watu wa barabarani, wagonjwa wa tauni, waliohukumiwa kufa. Ndugu waliondoka mwaka wa 1790, lakini kazi yao imebaki pale, ikifanywa na mapadri wa jimbo. Shule ilirithi kuta, na parokia ikarithi roho.

Twaweza sasa kutoa hukumu yetu. Matumizi mapya ya nyumba takatifu tunayapima kwa maulizo matatu.

La kwanza: je, maskini bado wanapita mlangoni? Hospitali ya Saint-Jacques ilijibu ndiyo, tena kuliko konventi yenyewe ilivyojibu pengine, kwa kuwa iliwapokea waliokataliwa na wote. Fransisko aliyembusu mkoma asingeona haya kwa nyumba hiyo. Maonyesho ya Robertson yalijibu hapana: aliyeingia ni mwenye fedha ya kiingilio.

La pili: je, nyumba inasema kweli juu ya waliokaa humo? Hapo shule imepungukiwa, kama tulivyosema.

La tatu: je, sala imepata mahali pengine pa kukaa? Chaussée-d'Antin, sala imebaki ukutani kwa ukuta na shule. Ni jambo adimu, nasi tunamshukuru Mungu.

Sheria ya Eklezya inakubaliana na maulizo hayo. Kanuni ya 1222 ya Kitabu cha Sheria cha mwaka wa 1983 inamruhusu askofu kuliachia kanisa matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu, lakini kwa sababu kubwa, baada ya kusikiliza baraza la mapadri, na wenye haki juu ya kanisa hilo wakikubali, mradi wokovu wa roho usipate hasara. Mwezi wa Novemba 2018 Roma iliitisha mkutano mkubwa juu ya makanisa yanayoachwa, na kichwa chake kilikuwa swali: Mungu hakai hapa tena? Swali hilo si la Ulaya peke yake.

Maana sisi nasi tumerithi nyumba ambazo hatukuzijenga. Misioni zetu za zamani zina matofali mengi, veranda ndefu, vyumba vya mapadri kumi ambamo leo wanakaa wawili. Mwaka wa 1974 Serkali ilitwaa shule zetu, na mwaka wa 1977, kwa mapatano, ikaturudishia uongozi wake. Tulionja kidogo kikombe cha mwaka wa 1789. Na kabla ya hapo tulionja kinyume chake. Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, ilianza mwaka wa 1883 kama boma la askari, kazi ya Émile Storms. Mwaka wa 1885 Mapadri Weupe walipokea boma hilo, likawa misioni, na huko alisoma Stefano Kaoze, aliyepata upadri mwaka wa 1917, wa kwanza kati ya wana wa Kongo ya leo. Boma la bunduki lilizaa padri. Kama Mungu aliweza kugeuza boma kuwa shule ya mapadri, tusishangae akiruhusu konventi igeuke shule ya watoto wote.

Kwa hiyo tunawaomba wandugu waseminari, mapadri na wakatekista mambo machache ya kutenda. Katika kila misioni ya zamani, wazee wangali hai waulizwe: nani alichoma matofali haya, nani alibeba mawe, nani amezikwa nyuma ya kanisa? Majina yaandikwe, pamoja na yale ya vibarua, si ya mapadri tu. Vitabu vya ubatizo vilindwe na mchwa na mvua. Na chumba kikikaa bure, tusingoje mpaka paa lianguke. Kipewe yatima, kipewe wagonjwa, kipewe watoto wa kujifunza kusoma, kabla hajaja mtu wa kutuomba tumkodishie kwa baa.

Kuta hazina nadiri. Wenye nadiri ni sisi. Ukuta unafuata amri ya mwenye ufunguo, na ufunguo unahama mkono. Siku ya kuhesabiwa hatutaulizwa kama nyumba zetu zilidumu. Tutaulizwa nani aliyepiga hodi, na kama alifunguliwa.